Mtungi Uliozuia Mlango

Upepo wa kusi ukishika kasi hapa Lamu, mlango usiozuiwa hujibamiza wenyewe, na katika nyumba ya wageni ya ami yangu, mtaa wa Mkomani, mlango wa ngazi za kupandia jikoni ulizuiwa kwa muda mrefu na mtungi mwekundu wa kuzimia moto. Hakuna aliyeamua iwe hivyo. Nadhani kibanio chake cha ukutani kililiwa na kutu, mtu akautua sakafuni kwa siku mbili tatu, na kwa kuwa ulikuwa na uzito wa kutosha na haukumsumbua yeyote, ukapata kazi ya kudumu.

Jioni moja ya mwezi wa Agosti, mafuta ya kukaangia sambusa yakashika moto.

Jiko letu liko juu kabisa ya nyumba, chini ya paa la makuti, mahali ambapo upepo huingia pande zote na wageni hupenda kuketi. Nilikuwa hatua tano tu kutoka hapo, nikipanga risiti za wiki, niliposikia mvumo mfupi kama wa tanga linaloshika upepo ghafla. Nilipoinua macho, ulimi wa moto ulikuwa umesimama wima juu ya karai, na kati ya ncha yake na makuti palibaki nafasi isiyozidi urefu wa mkono wangu. Niliteremka ngazi mbili mbili, nikaukwapua mtungi, mlango ukajibamiza nyuma yangu, nikapanda nao. Pini yake ilikuwa imeshikana kwa kutu ya chumvi ya bahari. Niliizungusha huku na huku mpaka ikatoka pamoja na kipande cha ngozi ya kidole. Nikaelekeza mpira kwenye jiko, nikabana kwa nguvu zangu zote.

Mtungi ulikohoa mara moja. Unga mweupe kiasi cha kujaza kiganja ukaanguka miguuni pangu, kisha kimya.

Mpishi wetu, ambaye sote humwita Shangazi ingawa si shangazi wa mtu yeyote kati yetu, hakuwa na muda wa kunitazama. Alikuwa amekwisha kufunga gesi. Alilichukua sinia kubwa la biriani, akalikinga mbele ya uso wake kama ngao, akalisogeza juu ya karai kuanzia upande aliosimama yeye, akalilaza polepole. Moshi ulichuruzika pembeni kwa muda, ukapungua. Mimi, kwa kutaka kuona kama kweli moto umezimika, nilinyosha mkono nilifunue. Akanipiga kofi la kiganja.

"Usifunue, mwanangu. Liache lipoe."

Usiku ule hatukula sambusa.

Saini

Kufikia asubuhi nilikuwa na makala tayari kichwani, makala ya hasira, juu ya watu wanaouza vitu visivyofanya kazi na wakaguzi wanaotia saini bila kuangalia. Niliketi barazani na mtungi ule mapajani, nikaifuta vumbi kadi iliyofungwa shingoni mwake kwa uzi, ili nijue ni nani hasa wa kulaumiwa. Kadi ilikuwa na mistari sita. Mitano ilikuwa mitupu. Katika mstari wa kwanza palikuwa na tarehe ya zaidi ya miaka miwili nyuma, na saini ya mtu aliyeupokea mtungi na kuthibitisha kwamba uko sawa.

Saini ilikuwa yangu.

Mshale wa geji, yaani kipimo cha nguvu iliyomo ndani, ulikuwa umelala kwenye sehemu nyekundu. Siku nilipotia saini ulikuwa wapi, siwezi kusema, kwa maana sikuutazama. Ninachokumbuka vizuri ni kwamba nilirudi nyuma hatua mbili na kujiuliza kama rangi ile ingeharibu sura ya mlango wa nakshi ulio karibu. Hivyo makala ya hasira ikafa pale pale, na mahali pake pakabaki swali ambalo limenikera kwa wiki nyingi: ilikuwaje tukafika mahali ambapo chombo cha kuokoa maisha kinanunuliwa ili kionekane?

Nilianza kusoma historia ya vyombo hivi nikidhani ingenichukua jioni moja.

Mitungi mitatu

Kuna jambo la usiku ule ambalo sikulisimulia hapo juu kwa sababu ya aibu. Nilipokuwa nikishuka ngazi nilipiga kelele, "Mtungi! Mtungi!" Kijana wetu wa kazi alikuwa chini, akasikia, na kwa utiifu kamili akapanda ngazi nyuma yangu akiwa amebeba begani mtungi wa gesi uliojaa.

Simlaumu hata kidogo. Bibi yangu, ambaye alilala na kuamka katika Kiswahili cha hapa, alikuwa na mtungi mmoja tu, wa udongo, uliokaa penye ubaridi na kata ya kifuu juu yake, na mtu akiita mtungi, kilicholetwa kilikuwa maji. Sisi tumelibebesha neno lile lile chuma cha gesi, kisha tukalibebesha na chuma cha unga wa kuzimia moto, na vyote viwili huwa na rangi ya kung'aa na mdomo wa shaba. Ukiwa na muda wa kueleza, utasema mtungi wa nini. Moto haukupi muda huo. Tangu siku ile tumekubaliana kwamba cha moto kiitwe "zimamoto" na kisiitwe jina jingine, na nilimwomba kijana radhi.

Mwana wa kinyozi na barua ya gavana

Pampu ya kwanza ya kusukuma maji kwa nguvu ambayo historia inaifahamu vizuri ilibuniwa Alexandria, Misri, katika karne ya 3 KK, na Ktesibios, ambaye mwandishi wa Kirumi Vitruvius anatuambia alikuwa mwana wa kinyozi. Ilikuwa na mitungi miwili ya shaba (neno letu tena), kila mmoja na mchi wake ndani. Mchi mmoja ukipanda, mwingine unashuka, na vilango vidogo vinayazuia maji yasirudi yalikotoka. Heron, wa mji huo huo, aliieleza baadaye kama chombo cha kuzimia moto, chenye mdomo unaoweza kugeuzwa kuelekea upande wowote. Kwa maneno mengine, kiini cha pampu ya zimamoto kina zaidi ya miaka 2,200.

Nilitarajia kwamba baada ya hapo miji ingeacha kuteketea. Haikuacha.

Mwanzoni mwa karne ya 2, gavana wa Kirumi aitwaye Plinio Mdogo alimwandikia mfalme wake Trajan kuhusu moto mkubwa uliotokea Nikomedia, mji ambao leo ni Izmit, Uturuki. Nyumba nyingi za watu ziliungua, pamoja na majengo mawili ya umma, ingawa barabara ilipita katikati. Plinio anataja sababu mbili. Ya kwanza ni upepo. Ya pili ni watu wenyewe, ambao walisimama wakitazama bila kunyosha mkono. Kisha anaongeza kwamba katika mji mzima hapakuwa na pampu ya umma hata moja, wala ndoo, wala chombo chochote cha kuzimia moto. Wakati huo pampu ya mwana wa kinyozi ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 300.

Plinio aliamuru vyombo vinunuliwe, akaomba jambo moja zaidi: ruhusa ya kuunda kikosi cha mafundi wasiozidi 150, ambao angewasimamia yeye mwenyewe. Trajan akakataa. Watu wakikusanyika kwa jina lolote, alijibu, haichukui muda kabla ya kugeuka kundi la siasa. Ni afadhali vyombo viwekwe tayari, wenye nyumba wafundishwe kuvitumia, na pakihitajika msaada, umati ulioko uitwe.

Jibu hilo nililisoma mara nyingi kuliko kitu kingine chochote katika wiki hizi. Mara ya kwanza nilikuwa upande wa Plinio bila kusita, kwa kuwa Roma yenyewe ilikuwa na kikosi cha maelfu ya walinzi wa moto tangu mwaka wa 6 BK, na ni dhuluma mtawala kuwanyima wengine kile anacholalia usingizi yeye. Mara ya pili nilijikuta nikiitazama nusu ya mwisho ya jibu. Mimi ninaishi katika mji ambao gari halipiti vichochoroni mwake. Gari la zimamoto, liwe jipya kiasi gani, litaishia kwenye barabara ya ufukoni, na kutoka hapo hadi mlango wetu kuna kona sita, ngazi mbili na, kwa kawaida, punda mmoja aliyesimama katikati na shehena ya mchanga. Kwetu sisi, mwenye nyumba na jirani zake ndio kikosi, wapende wasipende. Trajan alifika mahali pa kweli kwa njia ya hofu, na hilo ndilo lililonikera: wazo zuri lililotolewa kwa sababu mbaya, na mtu ambaye hakuwa na nia ya kwenda kuhakikisha kwamba wenye nyumba wamefundishwa chochote.

Kama vile mimi na kadi yangu.

Maji yalikuwa yamekupwa

Nilipokuwa na umri wa miaka minane au tisa, jiko la jirani yetu Langoni liliungua. Nyumba zilikuwa za udongo na makuti, zimeegemeana mabega. Nakumbuka wanaume wakipanga mstari kuelekea baharini, madebe yakipita mkono kwa mkono, na nakumbuka kwamba maji yalikuwa yamekupwa, hivyo mstari ulilazimika kuendelea mpaka kwenye tope, na kila debe lilifika likiwa nusu. Lakini kilichouzima moto ule si maji. Walioujua moto wa makuti waliliacha jiko liungue, wakaigeukia nyumba iliyofuata, ambayo ilikuwa nzima, wakaanza kulichana paa lake kwa pondo za mashua, wakivuta makuti chini na kuyaburura mbali.

Mwenye nyumba hiyo, mzee mmoja mpole, alisimama mlangoni. Mtu alimwambia, "Mzee, turuhusu." Alikaa kimya kwa muda ambao kwangu mimi ulikuwa mrefu kuliko moto wenyewe, kisha akasogea pembeni.

Niliikumbuka sura yake niliposoma habari za London mwaka 1666. Mji ule ulikuwa na ndoo za ngozi zilizowekwa makanisani, mabomba ya mkono ya shaba yaliyohitaji watu watatu kwa lita chache za maji, na kulabu ndefu za chuma za kubomolea mapaa na kuta, ambazo ni pondo zetu zenye meno. Moto ulipoanzia katika tanuri la mwoka mikate usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba, kulabu zilikuwapo. Kilichokosekana ni ruhusa. Meya, Thomas Bludworth, alisita kubomoa nyumba ambazo hazijashika moto bila idhini ya wenyewe, akihofia nani angelipa. Mfalme alipoamuru zibomolewe, upepo wa mashariki ulikuwa umekwisha kuutangulia mkono wa mtu, na mwishowe walilazimika kulipua safu za nyumba kwa baruti ili moto ukose pa kukanyaga. Nyumba 13,200 na makanisa 87 vilikwisha kuwa majivu.

Wazee wetu wakisema dawa ya moto ni moto, huwa hawazungumzii baruti, lakini sidhani kama wangeshangaa.

Yule mzee wa Langoni aliezekewa upya na jirani zake ndani ya wiki. Meya wa London hakuwa na jirani wa namna hiyo wa kumtuliza moyo, nami nimepunguza ukali wa kumhukumu.

Mchoraji wa matofali

Mtu ambaye ningependa kumwalika Lamu kuliko wote ni Jan van der Heyden wa Amsterdam. Alikuwa mchoraji wa mandhari ya mji, maarufu kwa kuchora kila tofali la ukuta kana kwamba analihesabu. Alipokuwa kijana, mwaka 1652, aliushuhudia moto ulioteketeza ukumbi wa zamani wa mji wake. Pampu za enzi hizo zilikuwa sanduku kubwa lenye mdomo uliofungwa juu yake, na watu walilazimika kulisukuma mpaka karibu na moto, kulijaza kwa ndoo, na kurusha maji ukutani kutoka nje huku nyumba ikiungua kwa ndani.

Mnamo 1672, yeye na ndugu yake Nicolaes wakashona mpira.

Nasema mpira kwa sababu ndivyo tunavyouita, lakini ulikuwa wa ngozi, umeshonwa kama kiatu, vipande virefu vilivyounganishwa kwa shaba. Badiliko hilo linaonekana dogo mpaka ulifikirie kwa miguu. Pampu inaweza kubaki kwenye mfereji, penye maji, na maji yenyewe yakaenda kumtafuta moto ndani ya nyumba, kupitia kichochoro, kupanda ngazi, kupinda kona. Mwaka uliofuata mji ulimpa yeye na ndugu yake usimamizi wa vyombo vyote vya kuzimia moto, na mwaka 1690 alitoa kitabu chenye michoro mikubwa akiulinganisha moto wa enzi ya ndoo na moto wa enzi ya mpira, akihesabu hasara kwa umakini ule ule wa matofali.

Amsterdam ilikuwa na mifereji. Sisi tuna bahari mbele na vichochoro nyuma. Kila nikipita ufukoni jioni, nikiona mashua zimefungwa na pampu ndogo za kutolea maji, najikuta nikihesabu ni mipira mingapi ya mita 15 ingefika kwenye mlango wetu. Jibu langu ni kumi na mbili, maji yakiwa yamejaa. Yakikupwa, sijui niongeze mingapi.

Ukwaju, magadi na majivu

Mwaka 1723, mkemia mmoja wa London aliyetoka Ujerumani, Ambrose Godfrey, alipata hataza ya pipa la kioevu cha kuzimia moto ambalo ndani yake alificha kikopo cha baruti. Pipa lilitupwa ndani ya nyumba inayoungua, utambi ukashika, baruti ikalipuka na kukitawanya kioevu kila upande. Ni werevu, na nisingependa kuwa mtu aliyepewa kazi ya kulibeba.

Lakini babu halisi wa mtungi wetu wa mlangoni ni kazi ya Kapteni George William Manby, mwanajeshi wa Uingereza ambaye tayari alikuwa amejulikana kwa kubuni mzinga wa kurushia kamba kwenye meli zilizokwama. Mwaka 1813, wakati huku kwetu ujenzi wa Ngome ya Lamu ulipokuwa ukianza, yeye alikuwa Edinburgh akitazama nyumba ya ghorofa ikiungua. Wazima moto walikuwepo. Pampu ilikuwepo. Maji hayakufika ghorofa za juu. Mnamo 1818, Ngome yetu ikiwa bado miaka mitatu kumalizika, alikionyesha chombo chake: silinda ya shaba inayobebeka na mtu mmoja, yenye lita 13 na ushei za maji yaliyochanganywa na chumvi ya majivu, na juu ya maji hewa iliyoshindiliwa. Ukifungua bilula, hewa inayasukuma maji nje. Hoja ya Manby ilikuwa kwamba maji machache mapema yana thamani kuliko maji mengi baadaye, na kwamba kwa hiyo chombo hakina budi kuwa chepesi kiasi cha kutangulia.

Nilisimama kwa muda kwenye hiyo chumvi ya majivu. Kaboneti ya potasiamu, ambayo ndiyo aliyotumia, enzi hizo ilipatikana kwa kuchuja majivu ya kuni na kuyachemsha maji yake mpaka yakauke. Tunasema moto huzaa majivu, tukimaanisha baba hodari aliyepata mtoto legelege. Sasa huyu mtoto legelege amekamatwa, akatiwa ndani ya shaba, akarudishwa nyumbani kumzima baba yake. Nilimsimulia Shangazi hilo huku akichambua mchele. Alifikiri kidogo, akasema yeye siku zote amezima makaa kwa majivu, na kwamba huyo Kapteni angemuuliza mapema.

Udhaifu wa chombo cha Manby ulikuwa kuishindilia hewa na kuitunza isivuje. Mfaransa François Carlier aliukwepa mwaka 1866 kwa njia ambayo mtoto yeyote wa pwani anaweza kuielewa. Ndani ya chombo palikuwa na maji yenye bikaboneti, jamaa wa magadi yetu, na asidi ya tartariki iliyotengwa. Vikikutana, hewa ya kaboni, yaani kaboni dioksidi, inafoka na kuyasukuma maji nje kwa nguvu. Asidi ya tartariki ndiyo inayoufanya ukwaju uwe mchachu. Basi Ijumaa moja baada ya sala nilichukua chupa ya soda, nikatia juisi nzito ya ukwaju, nikamimina kijiko cha magadi yanayochemshiwa maharagwe, nikaziba kwa kidole gumba na kutikisa. Ilifika ukuta wa pili wa kichochoro. Kanzu ya kaka yangu, aliyekuwa akipita, ilikuwa nyeupe.

Kwa miongo mingi mitungi ya aina hiyo, mingine ikitumia asidi kali ya salfuriki badala ya tartariki, ndiyo iliyotundikwa katika kuta za shule na maghala duniani. Uzuri wake, kwa maoni yangu, ni kwamba haikuhitaji geji: nguvu haikuwepo mpaka ulipoihitaji.

Deni

Karne ya 20 nitaipitia haraka, kwa kuwa ndani yake vyombo viliongezeka kuliko mawazo. Aleksandr Loran, mwalimu aliyeishi Baku kati ya visima vya mafuta, aliona kwamba maji yanazama chini ya mafuta na kuuacha moto uelee juu, akabuni povu linalolala juu ya mafuta kama blanketi. Mwaka 1924 kampuni ya Walter Kidde ilitoa mtungi wa hewa ya kaboni kwa ajili ya mitambo ya simu, ambayo maji yangeiua sawasawa na moto. Ukaja unga mkavu, ambao ndio uliokuwa, au uliopaswa kuwa, ndani ya mtungi wetu.

Ninachotaka kusema ni kuhusu vile viwili vilivyoondolewa. Kuanzia mwaka 1910 hivi kilisifiwa kipampu kidogo cha shaba kilichojaa tetrakloridi ya kaboni, kizuri kwa magari na umeme, kisichoganda wala kuchafua. Kioevu hicho kikikutana na joto kali ndani ya chumba kilichofungwa kinatoa fosjini, hewa ile ile iliyotumiwa kama silaha katika Vita Kuu ya Kwanza. Baadaye ikaja hewa ya kuzimia moto iitwayo haloni, isiyomdhuru mtu aliyesimama karibu nayo na isiyoacha hata alama mezani, mpaka ilipojulikana kwamba inaila tabaka la ozoni lililo juu yetu sote, ikaingizwa katika Itifaki ya Montreal ya 1987. Watu waliovitundika vyombo hivyo ukutani walikuwa waangalifu kuliko mimi. Walitazama geji. Walitia saini kwa haki.

Hapo nilishawishika kuandika kwamba sinia la Shangazi linavishinda vyote. Wasomaji wangu wangelipenda hilo, nami ningelipenda zaidi, kwa sababu lingenisamehe. Na kuna ukweli ndani yake: moto wa mafuta ukifunikwa unakosa hewa na kufa, ilhali ndoo ya maji ingezama chini ya mafuta yale, ikageuka mvuke unaotanuka zaidi ya mara 1,600, na kulirusha karai zima makutini.

Lakini sinia halipandi makutini.

Kama ulimi ule ungekuwa mrefu zaidi kwa mkono mmoja tu, au kama kusi ingepiga pigo moja kutoka upande mwingine, Shangazi angebaki na sinia mkononi na paa zima juu yake likiwaka, na chombo pekee kilichoweza kufika huko ni kile nilichokuwa nimekishika mimi, kilichokohoa mara moja. Hilo ndilo linaloniamsha saa nane za usiku.

Sekunde

Niliuvusha mtungi kwa boti na kuupeleka kwa fundi. Aliufungua mbele yangu, akaingiza fimbo ndani. Unga ulikuwa umeshikamana kama chokaa iliyosahauliwa kwenye ndoo. Aliniuliza kama niliwahi kuupindua. Sikuelewa. Akaniletea mzima, akaupindua kichwa chini karibu na sikio langu, nikasikia unga ukiteleza taratibu kama mchanga mkavu ndani ya kibuyu. "Usipousikia ukitembea, haupo," alisema.

Nililipa mara mbili: mara moja ujazwe, na mara ya pili ujazwe tena baada ya sisi kuumaliza kwa makusudi. Asubuhi ya saa nne tulikwenda kwenye kiwanja kitupu nyuma ya mji, mimi, ami, kijana wa kazi, Shangazi na wasichana wawili wa usafi, tukawasha takataka ndani ya pipa lililokatwa nusu. Kila mmoja alivuta kishikio kwa zamu na kuelekeza mpira chini kwenye shina la moto, sio juu kwenye miali. Mtungi wa kilo sita ulikwisha kabla ya mtu wa sita kupata zamu. Kwa hesabu ya saa ya ami, haukufikisha sekunde ishirini.

Shangazi, ambaye ndiye aliyekosa zamu, aliutazama mtungi, kisha akanitazama mimi.

"Ndiyo basi?"

"Ndiyo basi, Shangazi."

"Na huu ndio ulitaka kuutafuta ngazi nzima chini?"

Tulibishana wiki nzima kuhusu mahali pa kuuweka. Mimi nilitaka karibu na mlango wa kutokea, ili mtu asilazimike kuuvuka moto ili kuufikia. Yeye alitaka mahali anaposimama. Tumeutundika kwenye nguzo iliyo kati ya jiko na ngazi, kwa kibanio kipya kisichoshika kutu, hatua nne kutoka kwake na moja kutoka mlangoni. Sinia liko palepale lilipokuwa. Mlango wa ngazi unazuiliwa na jiwe la matumbawe.

Kila tarehe mosi naushusha, naupindua, naweka sikio. Mara ya kwanza Shangazi aliponiona alicheka mpaka akaketi, akasema nimekuwa kama mchagua madafu sokoni. Tarehe mosi iliyopita nilichelewa kwa sababu ya wageni, na nilipofika nilimkuta ameushusha yeye mwenyewe, ameukumbatia kichwa chini, amefumba macho, na mkono mmoja ameunyosha kutuashiria sote tunyamaze.